Atoaye Damu Atoe na Ukweli

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baadu:

Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa mara nyingi katika darasa zetu juu ya kutoa damu hospitali, na juu ya kutiwa damu ya mtu mwengine. Wako waulizao kama jambo hili ni halali. Wako waonao uchungu, wakasema: damu yetu tumeitoa kwa ajili ya Mungu, basi ya nini kuulizwa maswali ya aibu, na ya nini kupimwa kana kwamba tumeshukiwa uovu? Na wako wengine, nao ndio tunaowakhofia zaidi, ambao huenda kutoa damu kwa kuwaonea haya jamaa zao, na huku nafsini mwao wanalo jambo liwapasalo kulisema, wasilisema.

Twaona yatupasa kuwajibu wote hawa, kwani haja ya damu haichagui nyumba. Leo amejifungua mke wa jirani na damu haikatiki. Kesho mtoto ameletwa kutoka mashamba ya Kilifi au Kwale, malaria imemnywa damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Kesho kutwa ni kijana mwenye selimundu, ugonjwa ulio mwingi katika pwani yetu, au mwendesha bodaboda aliyeokotwa barabarani. Hawa wote hawana dawa ya dukani. Dawa yao imo katika mishipa ya watu wengine.

Ama uhalali wake, hapana shida. Damu iliyotoka mwilini ni najisi katika madhehebu yetu ya Shafii, na kuila ni haramu kwa maneno ya Qur'ani yaliyo wazi. Lakini aya ya 173 ya Suratul Baqara, iliyotaja uharamu huo, imemwachia nafasi mtu aliyeshikwa na dharura. Na mgonjwa asiyepona ila kwa damu, ni dharura gani iliyo kubwa kuliko yake? Kwa hivyo wanavyuoni wa zama hizi wamejuzisha kutia damu, nao wameweka masharti. La kwanza, iwe haja ipo kweli. La pili, mtoaji asidhurike. La tatu, damu isifanywe bidhaa, kwani Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, amekataza thamani ya damu. La nne, aliyetiwa asipate madhara makubwa kuliko yale aliyokuwa nayo.

Wengine wameuliza kama mtu akitiwa damu ya mwanamke huwa ndugu yake, asiweze kumuoa binti yake. La. Udugu wa namna hiyo huja kwa maziwa ya kunyonya katika umri wa kunyonya, wala hauji kwa damu ya hospitali. Na wameuliza kama yafaa damu ya asiye Muislamu. Yafaa, na damu yetu yafaa kwao. Maana roho ya binadamu ina heshima yake mbele ya aliyeiumba, na aya ya 32 ya Suratul Maida haikubagua roho ya kabila au ya dini ilipotaja thawabu ya mwenye kuihuisha nafsi moja.

Sharti lile la nne ndilo lililotufanya tuandike leo. Kwani damu iokoayo yaweza pia kuua, na khatari yake haionekani kwa macho. Hapo zamani watu walipojaribu kumtia mtu damu ya mtu mwengine, mara hupona na mara hufa, wasijue sababu. Mwaka 1901 tabibu wa Vienna, Karl Landsteiner, aliandika kwamba damu za watu ni za makundi mbalimbali, na kwamba kundi lisilopatana na jengine huliharibu. Tangu hapo elimu ya kutia damu ikasimama juu ya msingi, na siku aliyozaliwa mtu huyo, tarehe 14 Juni, ndiyo ifanywayo leo kuwa siku ya watoao damu ulimwenguni.

Lakini kulingana kwa makundi hakukutosha. Ilidhihirika kwamba ndani ya damu iliyo safi kwa macho mna virusi, vijidudu vidogo visivyoonekana ila kwa vyombo vya nguvu, navyo huhama pamoja na damu kutoka mwili huu mpaka mwili huu. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg wa Marekani aligundua alama ya homa ya ini aina ya B katika damu. Mwaka 1985 kikapatikana kipimo cha kutazama virusi vya ukimwi katika damu ya mchango. Mwaka 1989 vikajulikana virusi vya homa ya ini aina ya C, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vikiwapata waliotiwa damu na matabibu hawajui jina lake. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni lasema kila chupa ya damu ipimwe magonjwa manne kabla ya kumfikia mgonjwa: ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C, na kaswende.

Huenda msomaji akasema kwamba, kwa kuwa vipimo vimekwisha kupatikana, shauri limekwisha, na lililobaki ni kazi ya watu wa maabara. Twamwomba asubiri, atazame yaliyowapata mataifa yaliyotutangulia kwa elimu na mali.

Ufaransa, katika mwaka 1985, dawa zilizotengenezwa kwa damu ziliendelea kupewa wagonjwa ambao damu yao haigandi, na huku wakuu wa idara ya damu wanajua kwamba zina virusi vya ukimwi na kwamba njia ya kuzipasha moto ili kuua virusi imekwisha kupatikana. Mwaka 1992 mahkama ikawahukumu wakuu hao. Na Uingereza, tangu miaka ya 1970 mpaka mwanzo wa miaka ya 1990, watu zaidi ya 30,000 waliambukizwa ukimwi na homa za ini kwa damu na dawa zilizotokana na damu, na wapatao 3,000 wamekufa. Sehemu ya dawa hizo zilitoka Marekani, zimefanywa kwa damu iliyonunuliwa kwa watu wenye dhiki na kwa wafungwa, maelfu ya damu zikachanganywa pamoja, hata mtu mmoja mgonjwa akaharibu zote. Tume iliyochunguza mambo hayo ilitoa taarifa yake mwezi wa Mei 2024, ikasema kwamba mengi katika msiba ule yangeweza kuepukwa, na kwamba ukweli ulifichwa kwa miaka.

Basi tazameni, ndugu zetu. Watu wale hawakukosa elimu, wala maabara, wala fedha. Penye khiyana na kuficha, elimu haikuwafaa wagonjwa kitu.

Nasi hapa kwetu hatukusalimika. Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi Kenya alijulikana mwaka 1984. Wakati ule kila hospitali ilijitafutia damu yake na kuipima kwa uwezo wake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za serikali ulikisia kwamba katika kila mara mia za kutiwa damu, kiasi cha mara mbili zilimpa mgonjwa virusi vya ukimwi. Mtu amekwenda kutafuta uhai akarudi na mauti! Kisha tarehe 7 Agosti 1998 likaripuliwa bomu katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, wakafa watu zaidi ya 200 na maelfu wakaumia, na haja ya damu ikaonekana kwa kila mtu. Baada yake, mwaka 2000, ikaundwa huduma ya taifa ya damu, na vikawekwa vituo vya majimbo, na Mombasa yetu kimojawapo, ambako damu hukusanywa na kupimwa kwa utaratibu mmoja. Hii ni neema, na neema hushukuriwa kwa kuilinda.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha maneno yetu. Kipimo hakioni kila kitu siku ile ile. Baina ya siku virusi vinapoingia mwilini na siku kipimo kinapoweza kuviona, pana muda. Kwa ukimwi, vipimo vya maabara vilivyo vizuri huhitaji kiasi cha wiki mbili au tatu. Kwa homa ya ini B, zaidi ya mwezi. Kwa homa ya ini C, kipimo kitafutacho kingamwili chaweza kuhitaji miezi miwili. Vipo vipimo vya gharama kubwa vitafutavyo asili ya virusi vyenyewe, navyo huupunguza muda huo, lakini hata hivyo haviumalizi. Katika muda huo mtu huwa mzima wa mwili, hana homa wala kikohozi, na damu yake ikipimwa huonekana safi. Nayo si safi.

Mmefahamu basi sababu ya yale maswali? Muuguzi aulizapo kama umelala na asiyekuwa mkeo au mumeo, au umejidunga sindano, au umetiwa damu, au umechanjwa mwilini kwa chombo kilichotumiwa na mwengine, hakuulizi ili akufedheheshe. Akuuliza kwa sababu liko jambo ambalo kipimo chake hakiwezi kulijua leo, na wewe walijua. Damu yako haijaweza kusema, na ulimi wako waweza. Hapo hapana maabara iliyo mbele yako. Wewe ndiwe shahidi peke yako, na kuficha ushahidi ni jambo ambalo kila Muislamu ajua hukumu yake.

Tufikirie hali moja itokeayo katika miji yetu. Mgonjwa amelazwa, damu imepungua hospitali, na jamaa wameambiwa walete watu wa kutoa. Ami mkubwa awakusanya vijana wa ukoo, awapanga, awahimiza. Kati yao yumo kijana ambaye wiki mbili zilizopita alidunga unga kwa sindano ya mwenziwe, au aliingia mahali asipopaswa kuingia. Ajua. Lakini akisema "mimi simo", binamu zake watamtazama, na ami atauliza sababu. Aona ni wepesi zaidi kunyosha mkono kuliko kufungua kinywa. Ajibu "la" kwa kila swali. Damu yake yapimwa, yaonekana safi, na usiku ule yatiwa mtoto mchanga asiyemjua.

Twauliza: ni nani aliyemdhuru mtoto yule? Kijana ana dhambi yake, hatumtoi. Lakini je, ami aliyemfungia njia ya kusema ukweli hana fungu? Na sisi tuliobaki, ambao tumeufanya mji kuwa mahali ambapo mtu huogopa macho ya watu kuliko kumwogopa Mungu, hatuna fungu?

Kwa hivyo twawausia wazee. Mkiwaita vijana kutoa damu, waiteni kisha waacheni. Asemaye hawezi, asiulizwe sababu, wala asitazamwe kwa jicho baya. Sababu za kurudishwa ni nyingi, na nyingi katika hizo hazina lawama hata chembe. Yuko apungukiwaye na damu, yuko mwenye uzani mdogo, yuko mwenye malaria, yuko atumiaye dawa, yuko mama anyonyeshaye, na yuko aliyepigwa chuku karibuni. Amdhaniaye uovu kila aliyerudishwa amwingia katika dhana iliyokatazwa, na akisema kwa ulimi, huenda akaingia katika kusingizia, nayo ni dhambi kubwa.

Na twawausia vijana. Kama wajua jambo katika nafsi yako, mwambie muuguzi faraghani kwamba leo hufai. Kama ulikwisha kutoa na kisha moyo ukakusuta, rudi au piga simu mara moja, uwaambie damu ile isitumiwe. Chupa ina nambari yake, nao wanaweza kuiondoa kabla haijamfika mtu. Kama wataka kujua hali yako, usiifanye damu ya wagonjwa kuwa njia ya kujipima. Nenda zahanati au hospitali ya serikali upimwe ukimwi bila ya malipo. Na mwenye kutumia dawa za ukimwi, hata akiwa na nguvu na virusi vyake havionekani kwa kipimo, asitoe damu. Hapana aibu katika kujizuia huko. Yeye amewahifadhi watu, na Mwenyezi Mungu ajua nia yake.

Na watu wa hospitali nao wana amana yao. Maswali yaulizwe mahali pa siri, pasipo kelele wala kicheko. Majibu ya vipimo apewe mwenyewe, asipewe mwengine, na aelekezwe kwenye matibabu. Maana homa ya ini C leo huponywa kwa vidonge, na homa ya ini B na ukimwi huzuiwa kwa dawa, na ajuaye mapema hufaidika. Mfanya kazi atoaye siri ya mtoaji nje, hamdhuru mtu mmoja tu. Awafanya mia wengine waseme uwongo kesho. Na yeyote amwombaye jamaa wa mgonjwa fedha ili ampe damu iliyotolewa bure, huyo ala haramu iliyo wazi, na tena afungua mlango wa kuwaleta wauzao damu, ambao dhiki itawafunza kuficha kila kitu. Msiba wa Uingereza umetuonyesha mwisho wa njia hiyo.

Limebaki neno moja ambalo husemwa hata na watu wacha Mungu: kwamba mauti na maradhi yameandikwa, na kupima sana ni upungufu wa kutegemea. Neno hili si la elimu. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham na akapata khabari ya tauni, alishauriana na sahaba kisha akawarudisha watu. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba aitoka kadari moja ya Mungu aiendea nyengine. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume yenye kukataza kuingia nchi yenye tauni, na kuitoka aliyekwisha kuwamo. Basi ikiwa wao walichukua hadhari juu ya ugonjwa wasioujua asili yake, sisi tuliofunuliwa asili tuna udhuru gani? Kupima damu ni katika kadari, na kusema ukweli ni katika kadari, na uzembe hauitwi kutegemea.

Ama la kutenda, twashauri haya. Tuache desturi ya kungoja mgonjwa wa ukoo ndipo tukatoe. Mtu atoaye kwa khiyari, hana wa kumwonea haya, ni mwepesi kusema ukweli kuliko aliyesukumwa. Na atoaye mara kwa mara hupimwa kila mara, kwa hivyo damu yake ina amani zaidi. Mwanamume mzima wa afya aweza kutoa kila miezi mitatu, na mwanamke kila minne, akiwa na uzani wa kilo 50 au zaidi. Hutolewa kiasi cha nusu lita tu, na mwili huirudisha kwa rehema ya Mola.

Damu nyingi ya nchi hii hutoka kwa wanafunzi wa skuli za sekondari, na skuli zikifungwa ghala hupungua. Nafasi hiyo ni yetu watu wa misikiti kuijaza. Tuiweke siku ya kutoa damu kabla ya Ramadhani kuingia, kisha katika Ramadhani iwe usiku baada ya tarawehe, kila kituo kikiweza kutuma watu. Atoaye mchana hafungui, kwa kulinganishwa na chuku katika madhehebu yetu, lakini huchukiza kwa kuwa hudhoofisha. Na usiku upo.

Na tukumbuke kwamba chupa iliyojaa bila ya kupimwa haina faida kuliko chupa tupu. Dawa za kupimia hununuliwa kwa fedha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hizo ilibebwa na Marekani, na msaada ule ulipokoma mwaka 2019 upungufu wa damu ukaonekana nchi nzima. Wazee wetu waliweka wakfu visima, na nyumba, na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti na maskini. Hatuoni kizuizi cha tajiri wa leo kuweka wakfu ambao pato lake litanunua jokofu la kuhifadhia damu, au dawa za kupimia, kwa ajili ya hospitali ya mji wake. Visima vile viliwanywesha watu maji safi. Damu nayo yataka iwe safi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wabariki watoao kwa ajili yako, zifanye ndimi zetu ziseme kweli hata pale kweli inapotuumiza, na utusitiri kwa sitara yako njema. Utuwafikishe katika kuchunga amana, na usitufanye sababu ya madhara ya mja wako yeyote. Amin.